IDI YA UGENINI: DARSA KWA ALIYE MBALI NA JAMAA ZAKE

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na Sahaba zake, darsa yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa ni la huzuni tu, wala hawalihesabu kuwa ni la elimu. Nalo ni Idi ya mtu aliye ugenini, asiye na mzazi, wala mke, wala mtoto karibu naye.

Suali lenyewe ni hili. Mtu ametoka kwao Mombasa, au Lamu, au Tanga, au Unguja, akaenda kutafuta riziki mahali ambapo Waislamu ni wachache. Mwezi umeandama naye yuko huko huko. Je, mtu huyu ana Idi au hana? Na ikiwa anayo, ni lipi limpasalo, na ni lipi liwapasalo wale walio karibu naye?

Wengi hujibu kwa wepesi kwamba Idi ni nyumbani, na aliye mbali hana Idi. Jawabu hili limezoeleka katika vinywa vya watu, lakini si jawabu la dini. Na madhara yake ni makubwa, kwani mtu akishaamini kuwa hana Idi, huacha takbiri, huacha sala, husahau Zakatul-Fitri, kisha hutafuta cha kumwondolea upweke wake, na mara nyingi hukitafuta pabaya.

MFANO WA REMBA

Ili darsa yetu isiwe ya maneno matupu, natutazame mahali pamoja. Katika Ziwa la Victoria, upande wa Kenya, kuna kisiwa kidogo cha mawe kiitwacho Remba. Kimo katika Kaunti ya Homa Bay, karibu na kisiwa cha Ringiti, mbele ya kisiwa kikubwa cha Mfangano, na kusini yake ni mwambao wa Migori. Watu wa bara hukiendea kwa mashua, na wengi hupandia Mbita. Huko hukutana watu wa Kenya, wa Uganda na wa Tanzania, na lugha inayowaunganisha sokoni ni hiki Kiswahili chetu. Nyumba zake ni za mabati, zimesongamana hata mtu hupita kwa upande baina yake. Hapana mashamba ya kutajika. Lililowapeleka watu ni samaki: sangara, ambaye Wajaluo humwita mbuta, na wale dagaa wadogo waitwao omena.

Wengi wa walioko Remba hawakuzaliwa Remba. Huyu ni mvuvi, huyu ni fundi wa mashine za mashua, huyu ni mnunuzi wa samaki, na yule ni mama anayepika chakula na kukiuza. Sisi watu wa pwani hali hii si ngeni kwetu. Wavuvi wa Pemba tangu zamani hupiga dago katika fuko za mwambao wa Kenya, wakakaa miezi mbali na wake zao, kisha wakarudi. Basi Remba ni kama dago lisilovunjwa. Mmoja huondoka, mwingine akaja mahali pake, na kambi ipo daima.

Katika umati huo Waislamu ni sehemu ndogo. Hakuna mizinga wala matwari, wala watoto waliovaa nguo mpya wakipita mlango kwa mlango kutaka mkono wa Idi. Siku ya Idi huko jua huchomoza kama linavyochomoza siku zote, na sauti za mashine za mashua husikika kama jana.

KAZI NA MWEZI

Kuna jambo moja ambalo mwenye kukaa mjini huenda asilifikiri. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, na siku hizi ziko pia taa za betri na za nguvu za jua. Samaki hufuata mwangaza wa taa, lakini mbalamwezi ikitanda juu ya ziwa zima, mwangaza wa taa hauwavuti tena. Kwa hivyo wavuvi wa omena hupumzika mwezi unapokuwa mpevu, na hufanya kazi kwa bidii usiku wa giza. Wavuvi wetu wa dagaa katika bahari wanalijua jambo hili sawasawa.

Sasa tazama. Idul-Fitri ni siku ya kwanza ya Shawwal. Usiku wake hilali huonekana kidogo kisha huzama, na giza hutanda mpaka asubuhi. Maana yake ni kwamba, katika miezi ambayo Serikali haikufunga uvuvi wa omena, Idul-Fitri humwangukia mvuvi katika siku zake za kazi kubwa kabisa. Tajiri wa mashua anataka mashua itoke, wenzake wasiokuwa Waislamu wanamngoja, na deni la chakula dukani linamngoja pia. Ama Idul-Adh-ha, ambayo ni mwezi kumi wa Mfunguo Tatu, mwezi huwa umekwisha kukua na huzama baada ya nusu ya usiku, na kazi huwa imeanza kupungua.

Basi mtu huyu haulizi suali la anasa. Anauliza: usiku wa Idi nitakuwa juu ya maji, je, Idi yangu imepotea?

MAMBO MAWILI YALIYOCHANGANYWA

Asili ya kosa ni kwamba tumechanganya mambo mawili. Liko jambo la ibada, na liko jambo la ada. Ibada ya Idi ni kumtukuza Mwenyezi Mungu kwa takbiri baada ya kutimiza idadi ya siku za saumu, kama tulivyofundishwa katika Suratul-Baqara, aya ya 185. Ni kuoga, kuvaa kilicho safi na kizuri katika alivyonavyo mtu, kutoa Zakatul-Fitri, kusali, na kula mchana baada ya mwezi mzima wa kufunga. Ada ni biriani na halua, kanzu mpya na kanga mpya, kuzungukia jamaa, na bembea za watoto.

Ada hizi ni njema maadamu hazina israfu wala haramu, na hatusemi ziachwe. Lakini aliyekosa ada hakukosa Idi. Mtu wa Remba mwenye shuka moja safi na sahani ya ugali kwa samaki, akisali rakaa zake mbili na kuleta takbiri, ana Idi iliyotimia. Na mtu wa mjini aliyezungukwa na jamaa mia, akalala mpaka adhuhuri kisha akaamkia pilau, amepata karamu, na Idi imempita.

YAMPASAYO ALIYE UGENINI

Kwanza, ajijue kama yeye ni msafiri au ni mkaazi. Wako wanaokaa kisiwani miezi sita, hali wanapunguza sala na kula mchana wa Ramadhani, wakisema wao ni wasafiri. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, mwenye kunuia kukaa mahali siku nne kamili, isipokuwa siku ya kuingia na ya kutoka, hukumu ya safari imemwondokea. Atasali sala timamu na atafunga. Na aliyefunga kwa haki ndiye mwenye kufurahi kwa haki siku ya kufungua.

Pili, afunge na afungue pamoja na watu wa mahali alipo. Remba iko karibu na mpaka wa nchi tatu, na kila nchi ina wakuu wake wa dini wa kutangaza mwezi. Huweza ikatokea kwamba huyu amepigiwa simu kutoka Tanzania, na yule amesikia redio ya Uganda, na mwingine anangoja neno la Kadhi Mkuu wa Kenya. Natukumbuke habari ya Kuraib iliyomo katika Sahihi ya Muslim. Alitumwa Sham, akauona mwezi huko usiku wa Ijumaa. Aliporudi Madina mwisho wa mwezi, Ibn Abbas (R.A.) alimwambia kwamba wao wameuona usiku wa Jumamosi, nao wataendelea na saumu mpaka watimize thalathini au wauone mwezi. Hakumwambia awe na Idi yake peke yake kwa hesabu ya Sham. Basi Waislamu ishirini wa kisiwa kimoja kugawanyika Idi mbili ni msiba, kwani uchache wao wenyewe watosha kuwadhoofisha.

Tatu, Zakatul-Fitri. Zaka hii humpasa mtu kwa kuchwa jua la siku ya mwisho ya Ramadhani, akiwa na ziada juu ya chakula chake na cha wale anaowalisha kwa usiku ule na siku yake. Kipimo ni pishi moja ya chakula kinacholiwa na watu wa mahali pale. Na hapa pana jambo ambalo wasafiri wengi hawalijui: katika madhehebu yetu, fitri hufuata mahali alipo yule anayetolewa. Mwenye kuwa Remba, fitri yake mwenyewe ataitoa kwa masikini wa Kiislamu walioko pale kisiwani. Ama fitri ya mke wake na watoto wake walioko Vanga au Siyu, itatolewa huko waliko. Ampe uwakala mtu muaminifu, na fedha ya kununulia chakula aitume mapema, si asubuhi ya Idi watu wanapotoka kusali. Kuichelewesha mpaka siku ya Idi ikapita ni haramu.

Nne, sala. Mtu husema: sisi hapa hatufikii arubaini, basi hatuna sala. Hayo ni masharti ya Ijumaa katika madhehebu yetu, wala si masharti ya Idi. Sala ya Idi ni sunna iliyokokotezwa kwa mkaazi na msafiri, mwanamume na mwanamke, kwa jamaa na kwa mtu peke yake. Ni rakaa mbili: ya kwanza ina takbiri saba baada ya takbiri ya kuhirimia, na ya pili ina takbiri tano kabla ya kisomo. Wakiwa jamaa, mmoja wao atahutubu baada ya sala. Akiwa mtu peke yake, hana hotuba. Imam Bukhari ametaja kwamba Anas bin Malik (R.A.), alipokuwa mahali paitwapo Zawiya, nje ya mji wa Basra, alimwamrisha mtumishi wake awakusanye watu wa nyumbani na watoto, akawasalisha kama wanavyosali watu wa mjini. Hakusema kwamba sisi tuko shamba, Idi imewabakia wenye mji.

Na tusiwasahau wanawake. Wale mama wanaouza chakula kisiwani nao ni wageni, na upweke wao ni mkubwa zaidi. Umm Atiyya (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) aliamrisha wanawake watolewe kwenda kushuhudia kheri na dua ya Waislamu siku ya Idi, hata wenye hedhi, ila hao wajitenge na mahali pa kusalia. Basi wapangiwe mahali pa stara, waambiwe saa, wala wasiachwe jikoni wakapika Idi ya wengine.

Sasa turudi kwa yule mvuvi aliyeko juu ya maji. Takbiri za Idul-Fitri huanza kwa kuchwa jua, wala hazina sharti la msikiti. Huleta takbiri aliyeko njiani, sokoni, nyumbani, na aliyeshika kasia. Wakati wa sala huanza kwa kuchomoza jua mpaka linapopinduka, na katika Idul-Fitri ni sunna kuichelewesha kidogo ili watu wapate wasaa wa kutoa fitri. Mashua za omena hurudi asubuhi. Basi wale waliobaki nchi kavu wasiwe na haraka. Wawangoje ndugu zao washushe samaki, waoge, wale tende au chochote, kisha wasali pamoja. Na aliyechelewa hata jua likapinduka, aweza kuilipa. Mwenye kufahamu haya ataona kwamba sheria ilikwisha kumtengenezea mvuvi nafasi, wala hakuna sababu ya kukata tamaa.

YALIYO BAINA YAKE NA JAMAA ZAKE

Kuwa mbali hakukati udugu, lakini kunyamaza hukata. Mwenyezi Mungu ameuunganisha uchaji na kuchunga undugu wa damu katika aya ya kwanza ya Suratun-Nisaa. Zamani mtu wa dago aliweza kutoa udhuru kwamba hakupata chombo cha kupeleka barua. Leo simu imo mfukoni mwa mvuvi, na fedha husafiri kwa simu tangu mwaka 2007. Udhuru umeondoka.

Hata hivyo, wako vijana wanaozima simu zao siku ya Idi. Tukiwatazama kwa jicho la haki, tutaona kwamba si wote ni wakatili. Wengine wanaona haya. Hawakupata cha kutosha, na wanajua kwamba neno la kwanza litakalosemwa huko nyumbani ni la nguo mpya, na la pili ni la mbuzi. Kijana akaona ni kheri kunyamaza kuliko kusema hana.

Kwa hivyo tunasema na pande zote mbili. Ewe uliye mbali, kuwalisha walio chini ya mkono wako ni wajibu, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba ni dhambi tosha kwa mtu kuwapoteza wale anaowalisha. Toa kwanza chakula chao kabla hujatoa starehe zako, kwani shilingi iliyonywewa usiku wa Idi katika kilabu cha pombe ni shilingi iliyotoka kinywani mwa mtoto wako. Na ukiwa huna, piga simu vivyo hivyo. Mama yako hakukuzaa kwa ajili ya kanga.

Na enyi mlioko nyumbani, msiifanye Idi kuwa siku ya kudai kodi. Nguo mpya si faradhi, iliyofuliwa yatosha. Msimtie mtu katika deni kwa jambo ambalo Mwenyezi Mungu hakumlazimisha. Akipiga simu, aanze kusikia salamu, dua na sauti za watoto. Mkimpokea hivyo, atapiga tena. Mkimpokea kwa orodha, mtakuwa mmemfundisha kuzima simu.

YAMPASAYO MWENYEJI

Imebaki sehemu ya tatu, nayo yatuhusu sisi tulio miji ya pwani kuliko mtu yeyote. Ibn Battuta aliondoka kwao Tangier mwezi wa Juni mwaka 1325, naye ni kijana wa miaka ishirini na mmoja. Ameeleza katika habari za safari yake kwamba walipofika Tunis watu wa mji walitoka kuwalaki wasafiri, huyu akimsalimu huyu na yule akimuuliza yule, na yeye hakuna aliyemsalimu kwa kuwa hakuna aliyemjua. Moyo ulimjaa akalia sana. Mmoja katika mahujaji alimwona, akamwendea kwa salamu na maneno ya kumliwaza, wala hakumwacha mpaka alipoingia mjini. Idul-Fitri ya mwaka ule ilimkuta huko huko Tunis. Mtu huyu ndiye aliyekuja kufika Mombasa mwaka 1331, akawasifu wazee wetu kwa dini yao na kwa misikiti yao ya mbao iliyojengwa imara.

Twapata funzo gani? Kwamba mtu atakayekuja kuijua dunia kuliko wengi wa zama zake aliweza kuvunjika moyo kwa kukosa salamu moja, na salamu moja ikamjenga tena. Yule hujaji hakumpa mali, wala karamu. Alimwendea tu, hakungoja kuendewa.

Babu zetu walikuwa hodari katika jambo hili. Majahazi ya Arabuni yalikuja kwa kaskazi, na mabaharia wakakaa Lamu, Mombasa na Unguja kungoja kusi. Na kwa kuwa mwaka wetu wa mwezi hupungua siku kumi au kumi na moja kwa mwaka wa jua, Idi huzunguka misimu yote. Basi miaka mingi ilikuwapo ambayo baharia wa Sur au wa Hadhramaut aliipata Idi yake barazani petu. Na wanetu nao waliipata Idi kwao. Mwenyeji wa leo alijua kwamba kesho yeye ni mgeni.

Tujiulize kwa ukweli: hali iko vipi leo? Safu za sala ya Idi zikivunjwa, watu hukumbatiana na wale wanaowajua. Pembeni amesimama kijana wa bara aliyeajiriwa dukani, au mlinzi wa usiku, au aliyesilimu mwaka huu na jamaa zake hawataki kumwona. Huviringisha mswala wake akaenda zake chumbani. Huyu ana Remba yake katikati ya mji wa Waislamu, na hatia ya upweke wake si ya ziwa wala ya umbali. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun-Nisaa, aya ya 36, kumfanyia wema jirani wa karibu na jirani wa mbali na aliye safarini. Amri hiyo haikuondolewa siku ya Idi. Siku hiyo ndiyo hudhihirika zaidi nani ameitii.

MUKHTASARI WA DARSA

Aliye mbali ana Idi iliyo kamili. Afunge na afungue na watu wa mahali alipo, fitri yake itolewe alipo na ya watoto wake itolewe waliko, alete takbiri hata juu ya maji, na asali hata akiwa peke yake. Wakiwa wawili watatu, wajumuike na wangojane. Awasemeze jamaa zake, akiwa nacho na asipokuwa nacho. Walio nyumbani wampokee kwa dua kabla ya haja zao. Na kila mwenyeji, baada ya sala ya Idi ijayo, asiondoke pale mpaka amtafute mtu mmoja asiyemjua, ampe mkono, amuulize jina lake na kwao, na akiweza amkaribishe chakula alicho nacho, kiwe kingi au kichache.

Mwenyezi Mungu awahifadhi ndugu zetu walioko ugenini, katika bahari na katika maziwa, awarudishe kwao kwa salama, na atujaalie sisi kuwa wenyeji wema kwa wageni wetu. Wabillahi tawfiq.